Kadi ya kugawa umeme kwenye reli za mfano: uzoefu wangu wa miezi minane

Nimeitumia kadi hii kwa miezi minane kwenye reli zangu za mfano za kipimo cha HO, yaani 1:87, zinazoendeshwa kwa DCC (mfumo wa kidijitali unaotuma umeme na amri kwa treni kupitia reli), na nakiri kwamba niliinunua kwa matarajio yasiyo sahihi. Nilidhani ingeniongezea umeme. Haiongezi chochote: huugawa umeme wa busta moja (kifaa kinachopeleka umeme kwenye reli), ambayo kwangu ni ya ampea 5, katika maeneo manne yenye ulinzi wake, lakini yote yanaendelea kuchota kwenye kisima kimoja.

Kwa kazi iliyokusudiwa, sina lawama. Awali, behewa moja likiacha njia na kusababisha shoti, busta ilijizima na treni zote zikasimama. Sasa huzimika eneo hilo pekee.

Busta iliendelea kuzidiwa, hata hivyo, mpaka nilipopima matumizi kwa mita. Vichwa vinne vya treni vikitembea kwa pamoja vilitumia ampea 1.6 tu, ilhali mabehewa yangu tisa, kila moja likiwa na balbu sita za miliampea 50, yalimeza ampea 2.7 hata yakiwa yamesimama (na mimi nilikuwa nikivishuku vichwa siku zote). Baada ya kuweka taa za LED, matumizi ya mabehewa yalishuka chini ya ampea 0.2.

Jaribio la sarafu ndilo lililonifundisha zaidi. Ukiilaza sarafu juu ya reli zote mbili, kadi inapaswa kukata umeme papo hapo. Kwenye kona ya mbali haikukata, na sarafu ikaanza kupata moto. Kadi haikuwa na kosa, kwa kuwa umeme ulifika huko kupitia viungo vya reli vilivyolegea na nyaya nyembamba, ukapungua kiasi cha shoti kuonekana kama mzigo wa kawaida. Nilitandika nyaya za milimita mraba 2.5 chini ya meza, nikaunganisha kila kipande cha reli nazo, na tatizo likaisha.

Kasoro yake ni moja. Vichwa vyenye sauti vina kapasita (vijenzi vya kuhifadhi umeme kidogo) zinazojijaza kwa mkupuo umeme unaporudi, na kadi hudhani ni shoti, ikakata tena na tena. Muda ambao kadi husubiri kabla ya kukata unaweza kurekebishwa, lakini kijitabu cha maelezo hakisemi namna gani, kwa hiyo kwa sasa siweki zaidi ya vichwa vitatu vya aina hiyo katika eneo moja.