Nimeserereka kwenye jiwe la tani 80, jinzi ikaniaibisha

Mambo vipi wanangu, karibuni tena! Mnivumilie na huu upepo, maikrofoni mpya bado iko njiani. Niko Sapporo, Japani, bustani ya Odori, katikati kabisa ya mji. Mnaliona hilo jeusi nyuma yangu? Wiki mbili nalipita na baiskeli nikidhani ni mnara wa kumbukumbu, mpaka siku moja nikaona katoto kametokea juu, vuup, kakashukia makalio.

Kumbe ni mserereko! Umechongwa kwenye itale nyeusi, tani kama 80. Unaitwa Black Slide Mantra, kazi ya mchongaji Isamu Noguchi, Mmarekani mwenye asili ya Japani. Alifariki Desemba 1988, ukasimikwa hapa 1992. Mengine mtagugo, mimi nina haraka ya kuwaonyesha ngazi.

Njooni huku nyuma. Ngazi ziko ndani ya jiwe! Unaingia kama pangoni, kigiza kidogo, ubaridi, mkono ukutani, unazunguka, mara kichwa kinachomoza juu na mji mzima unakutazama. Sasa sogeza kamera hapa pa kukalia. Huu mfereji unavyong'aa! Kama kikaango kilichopakwa mafuta. Hajapaka mtu. Ni makalio ya watoto, zaidi ya miaka 30. Noguchi mwenyewe alisema wao ndio wanaoimalizia kazi hii.

Haya, naenda na jinzi... mmeisikia hiyo sauti? Nimekwama. Kwenye kona, jamani! Mama mmoja pale anacheka mpaka kainama, na mwanawe ananisubiri juu. Samahani, mdogo wangu.

Raundi ya pili, trakisuti. Loo! Nimefika chini kelele bado ziko juu. Mliokulia vilimani na ganda la mgomba, hii raha mnaijua.

Kuna aliyeniuliza kwenye maoni kuhusu ule mserereko wa London, wa msanii Carsten Höller, mita 178. Mrefu, sikatai. Ila umo ndani ya bomba, na kiingilio unalipa. Huu bure, hata mlango hakuna, unatoka sokoni na kabichi yako unaserereka.

Kero yangu: rangi. Majira ya theluji mweusi huu unapendeza, lakini leo Agosti, saa nane mchana, weka kiganja kwanza ndipo ukae. Ndugu wa mserereko huu, wa marumaru nyeupe, yuko Miami, mji wa joto huko Marekani. Huko wangeweka mweusi, mngenisikia kilio hadi Mbeya.

Jumapili naenda Moerenuma, bustani nzima aliyoichora Noguchi juu ya dampo lililozikwa taka tani milioni 2.7. Mle kuna kilima cha kuchezea cha mita 30. Wazo lake la tangu 1933, New York walilikataa. Bonyezeni kengele msikose.

Ngoja, yule mtoto anapanda tena. Ya kumi na moja, nimehesabu. We mdogo wangu, nisubiri! Shika kamera.