Wiki sita na bunduki fupi ya upepo

Nianze na panya, maana wao ndio walionitoa pesa mfukoni. Mke wangu anafuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba yetu hapa Chikongola, Mtwara mjini. Stoo ya chakula chao imebanana na banda kiasi kwamba ukiingia lazima ugeuke ubavu. Panya buku walikuwa wanatoboa viroba vya pumba na mashudu, wanabeba mayai, na mara mbili waliua vifaranga. Sumu hatuweki, kwa sababu kuku anadonoa chochote, hata mzoga wa panya. Mitego walishaizoea, wanaipita pembeni kama mtu anayekwepa dimbwi. Malipo ya korosho za msimu uliopita yalipoingia tulikaa tukapiga hesabu, na mke wangu mwenyewe ndiye aliyesema, "Baba Rehema, si ununue hiyo bunduki ya upepo uliyoiimba tangu tuoane?"

Niliifuata Dar es Salaam kwa miguu yangu, baada ya kibali kutoka. Hilo la kibali naliweka mapema: nilianzia serikali ya mtaa, nikapanda ngazi moja moja mpaka polisi, na safari ile ilinila miezi. Anayekwambia bunduki ya upepo ni kitu cha watoto kuchezea anakutafutia kesi. Pamoja na pampu ya mkono, darubini na makopo manne ya risasi, ilinitoka milioni mbili na laki tatu. Imetengenezwa Uturuki. Jina la kiwanda na la duka nayaacha, kwa sababu nina malalamiko nayo huko mbele.

Ni ile aina inayoitwa bulipapu. Maana yake mtambo wote wa kufyatulia umerudishwa nyuma ya triga, ndani ya kitako, hivyo mtutu unabaki mrefu lakini bunduki nzima inakuwa fupi. Wanajeshi wanazijua siku nyingi. Austria waliingiza ya kwao jeshini mwaka 1977, na Wafaransa walikuwa na FAMAS yao. Yangu nimeipima kwa futi: sentimeta 74 kutoka kitako hadi mdomo wa mtutu. Marehemu babu alikuwa na bunduki ya upepo ya zamani, ile ya springi unayoikunja kiunoni ili kuikoki, nayo ilizidi mita. Ile usingeweza kuigeuza ndani ya stoo yetu bila kugonga ukuta.

Siku ya kwanza kuishika nilishangazwa na uzito. Si kwamba ni nzito sana, ni kilo tatu na kitu, ila uzito wote umekaa begani. Ya babu ilikuwa inavuta mkono wa mbele chini, baada ya risasi kumi unatetemeka. Hii unaweza kusimama nayo dakika tatu unasubiri panya atoe kichwa, na mkono hauchoki. Kama bunduki hii ina sifa moja tu ya kuinunulia, basi ni hiyo.

Triga yake sikuipenda mwanzoni. Kwa kuwa mtambo uko nyuma, kuna fito ndefu ndani inayounganisha triga na mtambo, na kidole kinahisi hiyo fito. Unavuta, inakuja laini, inakuja tena, halafu inafyatua wakati hujajiandaa. Baada ya risasi kama mia mbili kidole changu kimeijua njia, lakini mtu aliyezoea triga inayokatika kama kijiti kikavu ataona tofauti.

Sasa hili ni la mashoto wenzangu. Mimi nalenga kwa mkono wa kushoto. Kwenye bunduki ya kawaida hiyo si shida kubwa, mtambo uko mbele ya uso. Kwenye bulipapu shavu lako linalala juu ya mtambo wenyewe, na mkono wa kukoki uko upande wa kulia, yaani hasa pale shavu la shoto linapokaa. Wiki ya kwanza nilipata alama nyekundu kwenye taya. Siwezi kukoki bunduki ikiwa begani. Naishusha, nakoki, naipandisha, natafuta upya shabaha. Kisha mlipuko wa hewa uko karibu na sikio. Mtutu una ganda la kupunguza sauti na majirani hawasikii chochote, lakini mimi nasikia kama ubao unaoangushwa bapa kwenye sakafu. Navaa viziba masikio. Kuna viwanda vinavyotengeneza za mkono wa kushoto, na vingine mkono wa kukoki unahamishika. Muuzaji aliniona nikiijaribu kwa bega la kushoto pale dukani na hakuniambia. Ulizeni kabla ya kulipa.

Nije kwenye hewa, ambayo ndiyo kazi yangu. Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi, mwaka wa ishirini na mbili huu, na presha ndiyo mkate wangu. Tairi la gari ndogo ni kama PSI 32. Kiyoyozi cha gesi ya R410A, upande wa presha kubwa, siku ya joto la hapa kwetu kinafika PSI 400, na hapo fundi mwenye akili anaweka uso wake mbali na mpira wa gesi. Mtungi wa bunduki hii unajazwa bar 200, karibu PSI 2,900. Nilipokisoma hicho kipimo kwenye geji, pale chini ya mtutu, nilinyamaza kidogo.

Pampu yake inafanana na ya baiskeli kwa macho tu. Ina hatua tatu ndani, kila moja inaibana hewa zaidi ya iliyotangulia. Kutoka bar 110 kupanda hadi 200 mimi ninapampu mara tisini na kitu, na thelathini za mwisho unazilalia kwa uzito wa mwili, sio kwa mikono. Naigawa mara tatu, napumzika pampu ipoe. Jeshi la Austria, karibu mwaka 1780, lilikuwa na bunduki za upepo za fundi aitwaye Girardoni, kitako chake ndicho kilikuwa mtungi wa hewa, na kuujaza kulihitaji pampu zaidi ya elfu moja. Huwa nawakumbuka wale askari nikifika ya themanini.

Adui mkubwa hapa Mtwara ni unyevu. Hewa yetu ya pwani imejaa maji na chumvi, na ukiibana kiasi hicho maji yanajitenga. Jaribu hili: ukimaliza kupampu, fungua taratibu kile kitundu cha kutolea hewa cha pampu juu ya karatasi nyeupe. Mimi nilipata matone manne na ukungu. Hayo maji yakiingia kwenye mtungi wa chuma yanakaa humo yanakula taratibu, na mtungi ulioliwa kutu ndani kwa bar 200 si kitu cha kulaza chumbani. Kwa hiyo nimefunga kichujio chenye punje za silika, zile zinazokuja kwenye viboksi vya viatu. Zikilowa nazianika kwenye kikaango moto mdogo. Siku nikiwa na mtungi wa nitrojeni wa kazini, ndio naanza nao, kwa mpira na viungio vya presha hiyo. Nitrojeni ni kavu kabisa. Wangu ukiwa mpya unasoma bar 150, basi unanifikisha karibu na hapo, pampu inamalizia.

Na hapa naomba nisikilizwe vizuri. Kijana mmoja jirani, anachomelea mageti, aliniambia kwa nia njema, "Fundi, si ujaze kwa mtungi wangu wa oksijeni? Ule una presha kweli." Nilimshika mkono nikamkalisha chini. Oksijeni ya presha ikikutana na grisi au mafuta kidogo tu inawaka yenyewe, na inawaka kwa kulipuka. Usiijaze kwenye bunduki hata kwa majaribio. Vivyo hivyo usitie mafuta ya injini wala ya cherehani kwenye pampu au kwenye kitundu cha kujazia. Hewa ikibanwa inapata moto, mafuta yanaripuka kama kwenye injini ya dizeli. Ni grisi ya silikoni peke yake, na kidogo.

Usiku wa tatu niliiacha kwenye bar 190. Asubuhi, 140. Nilimpigia muuzaji, akaniambia hewa huwa inapungua yenyewe, nivumilie. Hewa haipungui yenyewe, inatoka mahali. Nilipiga povu la sabuni kwa brashi ya rangi kama ninavyofanya kwenye bomba la friji, kiungo kwa kiungo, nikakaa na tochi. Mwanzoni hakuna kitu. Baada ya dakika tano hivi, kwenye kitundu cha kujazia, kikaanza kukua kibofu kimoja kidogo kama kichwa cha pini, kikafika ukubwa wa mbegu ya ufuta, kikapasuka, kikaanza kingine. Nilitoa hewa yote mpaka geji ikalala sifuri, ndipo nikashika spana. Msifungue chochote kikiwa na hewa ndani. Ile oringi, pete ya mpira inayoziba hewa isitoke, ilikuwa na mkato, umekatwa kiwandani wakati wa kufunga. Nilikuwa na saizi yake kwenye boksi langu, ya mpira mgumu. Mtu asiye fundi angefanya nini? Huyo muuzaji alituma oringi ya akiba baada ya siku kumi na nane, moja tu, ndani ya bahasha.

Jumamosi moja nikaenda nayo shambani Nanguruwe kuiweka sawa. Chini ya mikorosho matawi yanakaribia ardhi, na huko ufupi wake niliufurahia tena, unapita bila kuinama mara mbili. Nilipanga vifuu vya nazi na karatasi, nikalenga kwa mita 25 nikiwa nimeegemea gunia la mchanga. Risasi zake ni za milimita 5.5, gramu moja na kidogo kila moja, zina kiuno kama kinu. Magazini inabeba kumi na mbili. Tano za kwanza niliweza kuzifunika kwa sarafu ya shilingi 200. Kwa mita 50 mambo yalibadilika. Kusi ilikuwa inapiga ubavuni na risasi zilisukumwa vidole vitatu kushoto.

Jambo moja lilinifundisha pale. Nikijaza 200 kamili, risasi mbili tatu za mwanzo zinagonga chini, kisha zinapanda, zinakaa mahali pamoja, kisha zinashuka tena geji ikifika 120. Hii haina regulita, kile kifaa cha kusawazisha presha inayofika kwenye valvu. Presha ikizidi inaielemea valvu, haifunguki ya kutosha, hewa inatoka kidogo. Sasa najaza 185 na naacha kwenye 120. Nazipata risasi ishirini na kitu zinazofanana, magazini mbili kasoro, na pampu za mwisho zile za jasho nimeziokoa.

Mjomba wangu alitoka nyumbani kwake kusikiliza. Ni mzee wa gobore, amewinda enzi zake. Nilimpa shikamoo, akaitika, akaichukua bunduki akaigeuzageuza.

"Mpwa wangu, hii iliyobaki iko wapi?"

"Ndiyo yote mjomba. Mtambo umo humu kwenye kitako."

Akaipachika begani, akanyamaza, akapiga kifuu kwa mita 25 mara ya kwanza. Akapiga cha pili. Kisha akanionyesha kwa kidevu kundi la kanga waliokuwa wanachakura upande wa bonde. Nikamwambia hapana mjomba, kanga ni wanyamapori, sheria ya mwaka 2009 inataka leseni ya uwindaji, na kibali changu ni cha bunduki, si cha nyama. Hakufurahi. Alinirudishia bunduki akasema wakati wao kanga walikuwa wa mwenye shamba. Tukakaa tukanywa uji, yakapita.

Usiku uleule stoo. Panya alisimama juu ya kiroba, mita nane, tochi imemshika. Nikalenga kichwa, risasi ikapiga kiroba vidole viwili chini yake. Kosa halikuwa la mkono. Kwenye bulipapu darubini inakaa juu sana ya mtutu, yangu ni sentimeta sita na nusu, ili jicho lifike ukiwa umelaza shavu. Ukiiweka sawa kwa mita 25, kwa karibu risasi bado haijapanda kufika kwenye mstari wa jicho. Nilipima kesho yake kwa karatasi: kwa mita nane inapiga sentimeta tatu chini. Sasa nalenga juu yake kiasi hicho, na sijakosa tena isipokuwa mara mbili.

Nyuma ya viroba nimesimamisha boksi la mchanga linalokamata risasi, kwa sababu hizi zimetengenezwa kwa madini ya risasi kweli, sumu kwa kuku na kwa anayekula yai. Panya nawazoa palepale nawafukia, na nanawa mikono kwa sabuni. Bunduki inalala ndani ya kabati la chuma, ufunguo ninao mimi, risasi zina kabati lake. Na nikikoki halafu nisipige, natoa magazini kwanza. Ukikoki tena bila kuitoa, risasi ya pili inasukumwa nyuma ya ya kwanza.

Mpaka jana panya kumi na saba. Mayai yanayopotea yametoka matano sita kwa siku hadi hakuna, kwa siku tisa mfululizo. Geji niliiacha 170 usiku, na asubuhi hii nimeikuta 170.