Mabehewa ya Lionel 6464: uzoefu wangu wa kuyakusanya

Nikiulizwa mtu anayependa treni za mfano aanze na behewa gani la mizigo, jibu langu ni la Lionel lenye namba ya modeli 6464. Kampuni hiyo ya Marekani iliyatoa kwa mara ya kwanza mwaka 1953, kila moja likiwa na jina la kampuni ya reli: Western Pacific la rangi ya fedha, Great Northern la chungwa, Minneapolis & St. Louis la hudhurungi na Rock Island la kijani. Mwaka uliofuata yakaongezeka mengine, na kuanzia hapo mfululizo ukakua mpaka ukawa na wapenzi wake wa peke yake.

Utamu wake hauko kwenye rangi tu. Behewa lenye namba ileile linaweza kutofautiana na mwenzake kwa vitu ambavyo mgeni hawezi kuviona. Milango ya mwanzo ina kibao kimoja kikubwa katikati. Ya baadaye ina vibao vingi vidogo. Bogi, yaani fremu zinazobeba magurudumu chini ya behewa, za kwanza ni za chuma, na kuanzia mwaka 1957 zikaanza kuonekana za plastiki. Kalibu ya kumiminia plastiki ya bodi nayo ilirekebishwa mara kadhaa, hivyo mistari ya riveti ubavuni, reli za mlango na mbavu za ndani ya paa si sawa miaka yote. Missouri Pacific, namba 6464-150, ndilo lililonipa kazi zaidi: neno “Eagle” mara liko kushoto kwa mlango, mara kulia. Mimi hupenda kuyaweka mawili bega kwa bega na kuyamulika kwa tochi ya pembeni. Mwanga wa juu huficha riveti.

Kwenye uendeshaji sina malalamiko. Bogi za chuma ni nzito na behewa hukaa vizuri kwenye reli. Viungio vya sumaku bado vinaachia vikipita juu ya kipande cha reli chenye koili, ingawa ukikuta kimelegea, kitafunguka katikati ya kona na kukuachia nusu ya treni nyuma. Lenye bogi za plastiki ni jepesi, ila si baya.

Tatizo liko sokoni. Western Pacific 6464-100 la chungwa lenye mchoro wa unyoya wa bluu ubavuni ni adimu, kwa kuwa la kawaida ni la fedha lenye unyoya wa njano. Mwaka 1966 Lionel ilitoa 6464-250, nalo ni la chungwa lenye unyoya wa bluu. Sasa lipige hilo la 1966 picha ya mbali, yenye ukungu kidogo, halafu uandike “la chungwa, adimu sana”. Muuzaji mmoja alinifanyia hivyo hivyo. Nilipoomba picha ya namba iliyo ubavuni, maelezo yakawa marefu kuliko behewa lenyewe, na picha haikuja. Nikaachana naye.

Ulaghai wa rangi mpya si mwingi kama mabehewa ya kuungaunga. Utakuta bodi ya miaka ya mwanzo imewekewa milango ya miaka ya mwishoni na bogi za plastiki, na mwenye nalo anaapa kuwa lilitoka kiwandani hivyo. Huenda hadanganyi: milango huvuliwa kirahisi, na watoto wa enzi zile walibadilishana. Lakini usilipie kama la asili. Mimi hufungua skru za chini, nikatazama ndani ambako hakukupakwa rangi. Rangi ya plastiki na mbavu za paa husema zaidi ya boksi la chungwa na bluu, maana boksi huhamishwa kutoka behewa moja hadi jingine.

Usisugue maandishi kwa sabuni kali, yatatoka. Kitambaa laini chenye unyevu kinatosha.

Kama huna fedha za kukimbizana na yaliyo adimu, chukua ya kawaida yenye tofauti ndogondogo. Bei haiumi na jicho lako litajifunza. Mimi sasa natafuta State of Maine, 6464-275, lenye milango myekundu mitupu. Lenye milango ya mistari ninalo tayari.