Picha Moja ya Anga kwa Siku, na Maelezo Yanayofungua Milango

Tangu ilipoanzishwa na wanafalaki Robert Nemiroff na Jerry Bonnell mwezi Juni 1995, huduma ya Astronomy Picture of the Day, inayopatikana katika tovuti ya NASA, hutoa kila siku picha moja ya anga, au mara nyingine video, pamoja na maelezo mafupi ya mtaalamu. Kwangu mimi thamani yake kubwa imo katika maelezo hayo, kwa kuwa yamejaa viungo vinavyomtoa msomaji kwenye nebula moja, yaani wingu la gesi na vumbi angani, hadi kwenye istilahi asiyoijua, kisha kwenye picha ya zamani ambayo hakutarajia kuiona. Siku moja nilianza na pete za Zohali, na baada ya saa nzima nilikuwa nasoma jinsi galaksi zinavyopinda mwanga kwa uzito wake. Sura ya tovuti hiyo ni ya kizamani, nami naipenda hivyo, maana hakuna kinachoshindana na picha. Kinachonisikitisha ni kwamba baadhi ya viungo vya miaka ya mwanzo havifunguki tena, ingawa picha zenyewe bado zimehifadhiwa na hutazamwa bila malipo.