Ftool kwa nguvu za mkato na momenti za bimu: uzoefu wangu

Kama kazi zako ni bimu na fremu za kawaida, yaani nyumba ya ghorofa moja au mbili, linta ndefu, roshani, banda la chuma, basi Ftool, programu ya kompyuta ya kuchambua bimu na fremu, inakutosha kwa sehemu kubwa ya hesabu. Mwanafunzi wa uhandisi ujenzi nitamwambia aanze nayo kabla hajagusa programu kubwa kama SAP2000 au ETABS. Ilizaliwa kwenye chuo kikuu cha PUC-Rio, Rio de Janeiro, mikononi mwa Profesa Luiz Fernando Martha, miaka ya 1990, na toka mwanzo ilikusudiwa kufundishia. Toleo la msingi ni la bure. Kwa mazingira yetu hilo ni jambo kubwa, maana vijana wengi wanajifunzia nakala zilizovunjwa za programu za bei mbaya, na nakala hizo huja na virusi vyake.

Lakini bei siyo iliyonifanya niipende. Ninaipenda kwa jinsi inavyochora momenti ya kupinda, yaani nguvu inayoikunja bimu: mchoro unakaa upande wa bimu unaovutwa. Zege halipendi kuvutwa, kwa hiyo pale mchoro ulipo ndipo nondo kuu zinapotakiwa. Wapo wanaofundisha kuchora kinyume chake, momenti chanya juu ya mstari, na mwanafunzi anafaulu mtihani vizuri tu. Akifika saiti sasa, anasimama mbele ya fundi anayeuliza nondo nene ziende juu au chini, na inabidi aanze kugeuza picha kichwani.

Chukua bimu ya zege yenye nafasi mbili (nafasi ni umbali kati ya nguzo na nguzo), kila moja mita 4, inakaa juu ya nguzo tatu, na mzigo wa kilonyutoni 30 kwa kila mita. Ukiihesabu kana kwamba ni bimu mbili zilizokatwa juu ya nguzo ya kati, kila moja inakupa momenti ya kilonyutoni-mita 60 katikati ya nafasi, na juu ya nguzo ya kati hakuna kitu. Ichore Ftool ikiwa bimu moja inayoendelea, picha inabadilika kabisa. Ile 60 inahamia juu ya nguzo ya kati, tena upande wa juu wa bimu. Chini, kwenye nafasi, momenti kubwa ni 33.75 tu, na haipo katikati: ipo mita 1.5 kutoka nguzo ya pembeni, pale pale ambapo mchoro wa nguvu ya mkato, ile inayotaka kuikata bimu kwa kuitelezesha wima, unakata sifuri. Nguzo ya kati, ambayo wengi wangeipa mzigo wa kilonyutoni 120, inabeba 150. Tena mchoro unakuonyesha kwamba momenti inageuka upande mita 1 kabla ya kufika nguzo ya kati, kila upande, kwa hiyo nondo za juu lazima zivuke hapo na ziongezewe urefu wa kushikilia. Nimeshaona bimu za namna hii zimewekwa nondo nene zote chini, na juu ya nguzo ya kati nondo mbili nyembamba za kushikia ringi (vyuma vinavyozungushiwa nondo kuu). Nyufa zake huanzia juu, hapo hapo penye 60.

Ringi nazo zinasomeka kwenye mchoro wa mkato. Kwa bimu hiyo hiyo nguvu ya mkato ni 45 kwenye nguzo za pembeni na 75 kila upande wa nguzo ya kati. Ukibofya popote kwenye bimu unapata thamani ya mahali hapo, huna haja ya kukadiria kwa macho. Desturi ya kupanga ringi kwa umbali ule ule kuanzia mwanzo hadi mwisho wa bimu haiendani na mchoro huu hata kidogo.

Kwenye fremu ndipo programu inapomlipa zaidi mtu anayeijaribu. Weka fremu ya mlango, yaani bimu juu ya nguzo mbili kama fremu ya mlango: bimu ya mita 6, nguzo za mita 3, vipimo vya bimu na nguzo sawa, miguu imekaa kwenye bawaba (inaweza kuzunguka ila haisogei), mzigo wa kilonyutoni 20 kwa mita. Bimu peke yake ingekuwa na momenti ya 90 katikati. Ikifungwa na nguzo inagawana: 45 kwenye kona, upande wa nje, na 45 katikati, upande wa chini. Kona zinajulikana kwa wahandisi, ila jambo linalosahaulika liko chini: miguu ya fremu inasukuma nje kwa kilonyutoni 15 kila mmoja, na msingi lazima uizuie. Majibu ya programu yatasogea kidogo kwenye desimali kwa sababu inahesabu pia kufupika kwa viungo, yaani bimu na nguzo zenyewe. Ukichagua viungo visivyofupika, unarudi kwenye namba za vitabuni. Hapo mwanafunzi anaelewa namba za vitabuni zilitokana na dhana ipi.

Sasa kasoro. Sura yake ni ya zamani, vitufe ni vidogo na havijielezi. Unataka kuchora bimu rahisi tu ya darasani, nayo inakudai kwanza sifa za nyenzo ya kiungo na vipimo vyake, hata kama jibu halivitegemei. Ukishavitaja unapaswa kuchagua kiungo kisha kubofya kitufe cha kukipa, na wageni wengi wanakwama hapo wakidhani programu imegoma. Mzigo wa kushuka unaandikwa kwa alama ya kutoa: andika 20 badala ya -20, mzigo utasukuma juu na michoro yote itageuka. Angalia mishale kila mara kabla ya kuamini kitu.

Ni ya pande mbili tu. Slabu, jengo linalojipinda, bimu inayobeba mzigo wa pembeni ya mhimili wake, hayo siyo ya kwake. Wala haikupangii nondo, inakupa nguvu na momenti na kunepa, kazi ya kusanifu kwa viwango kama BS 8110 au Eurocode inabaki kwako. Uzito wa bimu yenyewe mimi naukokotoa kwa mkono: bimu ya milimita 200 kwa 450 ni kilonyutoni 2.25 kwa mita, naujumlisha na mizigo mingine.

Na bado naomba watu wasiache kalamu. Njia ya Hardy Cross ya mwaka 1930, ya kugawa momenti kwenye maungio, inatosha kuhakiki bimu ya nafasi mbili au tatu kwenye karatasi moja. Mwenye kujua kwa kalamu takriban atapata nini, anaona haraka egemeo lililowekwa vibaya. Asiyejua atachapisha chochote kilichotoka na kukigonga muhuri.

Wanaofanya madaraja wana sababu ya ziada ya kuitafuta: inachora mistari ya athari (inayoonyesha nguvu ya mahali fulani inavyobadilika mzigo ukihama) na kupitisha mzigo unaotembea, kazi ambayo kwa mkono inachosha sana.

Ukishaipakua, anza na ile bimu ya nafasi mbili. Thibitisha 60, 33.75 na 150. Kisha futa egemeo la kati, ubaki na mita 8 wazi kwa mzigo ule ule. Momenti inapanda hadi 240, mara nne, lakini fungua pia mchoro wa kunepa: bimu inanepa kama mara 38 ya mwanzo. Mwenye nyumba akikuomba umwondolee nguzo moja sebuleni, mfungulie michoro hiyo miwili kabla hujamjibu.