Windows au Linux Mint kwa kompyuta ya nyumbani: miezi kadhaa na Dell yangu ya mtumba, Mikindani

Kilichonipeleka kwenye Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta unaokaa mahali pa Windows, ni flashi.

Oktoba 2025 nilitoka nyumbani Mikindani kwenda Mtwara mjini kuprinti makaratasi ya kikundi chetu cha kina mama wabangua korosho: katiba, orodha ya wanachama na hesabu za misimu mitatu. Tulikuwa tunaomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 wa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Stationari niliyoingia ina kompyuta moja tu, na kila mteja anachomeka flashi yake humo humo. Niliporudi nikaichomeka kwangu, nikakuta folda ya kikundi imeota kishale kidogo kwenye kona na ukubwa wake ni KB 1. Hesabu za miaka mitatu haziwezi kuwa KB 1. Lakini nilikuwa na haraka, nikabofya mara mbili. Kuanzia siku hiyo kila flashi iliyoingia kwenye laptopu yangu ilitoka na vishale, hata ya binti yangu yenye mitihani ya zamani ya kidato cha nne.

Laptopu yenyewe ni Dell Latitude E6430, mtumba wa Kariakoo. Prosesa ni Core i5 ya kizazi cha tatu, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 4, hadidiski GB 320. Chini ina stika ya Windows 7 iliyofifia. Fundi mmoja alinipigia Windows 10 kwa shilingi 20,000. Baada ya siku kadhaa yakatokea yale maandishi ya kijivu kwenye kona ya chini kulia, yanayokutaka uihalalishe Windows yako. Akarudi, akaweka kiprogramu cha kuyaondoa, na ili kiprogramu hicho kikubali kukaa, akazima ulinzi wa virusi unaokuja na Windows yenyewe. Hakuniambia kwamba ameuzima. Niligundua siku ile ya vishale, miaka miwili baadaye. Linaniuma mpaka leo, kwa sababu wengi wetu huku Kusini tunatumia Windows ya namna hii tukiamini tumeinunua. Tulicholipia ni ufundi tu.

Mwezi huo huo, tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10. Inaendelea kuwaka kama kawaida, ila likigundulika tundu jipya la kupitisha virusi, halizibwi. Kuna nyongeza ya mwaka mmoja, hadi 13 Oktoba 2026, ambayo mtu wa nyumbani anaweza kuipata kwa dola 30, au bila pesa akikubali kuhifadhi mipangilio yake kupitia akaunti ya Microsoft. Kwa Windows ya magendo kama yangu sikutaka hata kujaribu. Kuhamia Windows 11 nako hakukuwezekana: kwa prosesa za Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa chache sana, tena inataka na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Najua wapo mafundi wanaoipenyeza kwa nguvu kwenye mashine za zamani. Microsoft wenyewe wanasema mashine ya hivyo hawaiahidi masasisho, na mimi vitu vya kupenyeza nilishavichoka.

Mtoto wa kaka yangu alikuwa nyumbani akisubiri chuo kifunguliwe Dar es Salaam. Akanikuta barazani nimeikodolea macho hiyo laptopu.

"Shikamoo shangazi. Usilipe tena kupigiwa Windows. Ninayo Linux Mint kwenye flashi. Tuijaribu kwanza, hatufuti kitu."

Hilo la kujaribu bila kufuta nataka kila mtu alielewe, kwa hiyo nitalieleza taratibu. Unachomeka flashi yenye Mint, unawasha kompyuta, na kwenye Dell unabonyeza F12 mfululizo mpaka itokee orodha, unachagua flashi. Mint inawaka kwa kutumia flashi na RAM peke yake, hadidiski haiguswi. Unapata kompyuta kamili: unakagua sauti, kamera, intaneti, kipanya, unafungua faili zako uone zinavyokaa. Ukizima na kuchomoa flashi, unarudi kwenye Windows yako kama ulivyoiacha. Mzigo wote ni GB 3 hivi, na hulipii leseni yoyote. Ukishaupakua mara moja, flashi ile ile inatosha mtaa mzima.

Mint ilipowaka, tukachomeka na ile flashi ya kikundi. Vikatokea vitu viwili. Kimoja ni kile kishale. Pembeni yake ikakaa folda ambayo sikuwahi kuiona, haina jina, chini ya picha yake pamebaki patupu. Tukaifungua. Katiba, majina ya wanachama, hesabu za 2022, 2023 na 2024, vyote vimo. Kumbe kirusi hakifuti kitu. Kinahamishia mali yako kwenye folda isiyo na jina, kinaiwekea alama ya kufichwa, halafu kinakutegea kishale ukibofye. Windows inaifuata ile alama na kuificha folda. Mint inakuonyesha flashi ilivyo. Na kishale chenyewe kimeandikwa kwa amri za Windows, kwenye Linux hakina cha kuendesha. Nilishusha pumzi. Nilikuwa nimeshawaambia wenzangu tujiandae kuandika upya kutoka kwenye madaftari.

Tukaamua kuisakinisha, kwa kugawana hadidiski na Windows, kwa sababu nitakayoieleza mbele. Ilichukua kama nusu saa. Tulichagua Mint 22, toleo lililotoka 2024 na litakaloendelea kupata masasisho hadi 2029, na katika sura zake tatu tukachukua ya Xfce ambayo ni nyepesi kuliko Cinnamon. Kwa RAM ya GB 4 naona ndiyo yenyewe.

Kwa wasioifahamu kabisa: Linux ilianzishwa 1991 na Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi Helsinki, Finland. Yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuibadilisha na kuigawa, ndiyo maana yapo matoleo mengi. Mint ni mojawapo, na imejengwa juu ya toleo jingine liitwalo Ubuntu, na Ubuntu ni lile neno la ndugu zetu wa kusini mwa Afrika ambalo sisi tunasema utu. Hata Kiswahili kiliingia mapema. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Leo mrithi wake, LibreOffice, inakuja pamoja na Mint, na lugha ya Kiswahili unaweza kuiongeza. Niliweka na kamusi ya tahajia ya Kiswahili. Kabla ya hapo, muhtasari wa kikao ulikuwa mstari mwekundu kutoka juu mpaka chini.

Sasa kasi. Hapa naomba niwe mkweli, maana watu husifu Linux kupita kiasi. Kwenye hadidiski ile ile ya zamani, Windows 10 ilichukua dakika nne na zaidi kuwaka hadi niweze kufungua kitu. Ningeweza kupeta sinia zima la korosho. Mint ilichukua dakika moja na nusu. Ni nafuu kubwa. Lakini mwezi uliofuata nilinunua SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, ya GB 256 kwa shilingi 75,000, na hapo ndipo ikawa sekunde 25. Kwa hiyo kama kompyuta yako bado ina hadidiski inayozunguka, SSD itakusaidia hata ukibaki na Windows. Faida ya Mint niliyoiona wazi ni kwenye RAM: ikishawaka inatumia kama MB 800, wakati Windows ilikuwa inakaribia GB 2 kabla sijafungua chochote. Siku hizi nafungua hesabu, Firefox na WhatsApp kwa pamoja, hakuna kinachoganda.

Bando nalo lina hadithi yake. Intaneti yangu ni hotspoti ya simu. Windows haikujua kwamba ile Wi-Fi ni bando la kulipia, ikawa inashusha masasisho yake kimya kimya, nami najua pale inapoingia meseji kwamba bando limeisha. Kuna sehemu kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya kuiambia Windows kwamba mtandao huu unapimwa, na anayebaki na Windows aiwashe leo hii. Mint inaangalia tu kama kuna masasisho, inaweka kialama chini, inasubiri. Unafungua, unaona kila kimoja kina MB ngapi, unakubali au unaacha mpaka usiku bando linapokuwa rahisi.

Matatizo yapo. La kwanza lilikuwa Wi-Fi. Kadi yangu ya Wi-Fi ni ya kampuni ya Broadcom na Mint haikuiona kabisa. Tulichomeka simu kwa waya wa USB, tukawasha intaneti ya kupitia waya, tukafungua sehemu ya draiva, yaani programu za kuendeshea vifaa, ikatuletea draiva ya Broadcom yenyewe. Dakika kumi. Lakini ningekuwa peke yangu ningeshakata tamaa.

La pili lilinishangaza zaidi. Nilirudi Windows siku moja saa mbili usiku, saa ya kompyuta ikasema 17:00. Nikarekebisha, nikarudi Mint, nayo ikawa imekwenda mbele. Kijana akanieleza kwa simu: Linux huitunza saa ya ndani ya mashine kwa saa za dunia, UTC, halafu inaongeza saa 3 za kwetu, wakati Windows inaichukua saa ile ile ya ndani kama ndiyo ya hapa. Ndiyo maana tofauti ni saa tatu kamili. Dawa ni mstari mmoja kwenye terminali ya Mint, dirisha la kuandikia amri: timedatectl set-local-rtc 1. Katika muda wote huu nimeifungua terminali mara mbili tu, na hii ni mojawapo.

La tatu ni makaratasi. Sina printa nyumbani, bado naenda stationari. Barua niliyoiandika kwa LibreOffice ilipofunguliwa kwa Word, mistari ilisogea, na sehemu ya sahihi ya mwenyekiti na katibu ikarukia ukurasa wa pili peke yake. Huwezi kupeleka halmashauri barua ambayo sahihi ziko kwenye karatasi tupu. Tangu hapo kila cha kuprinti nakitoa PDF kwanza, kitufe kipo pale juu, na kinatoka kama nilivyokiona nyumbani. Ikiwa kazi yako ni kupokezana faili za Word na Excel na ofisi kila siku, hasa zenye mafomula mazito, hilo litakuchosha.

Sababu ya kuiacha Windows upande mmoja ilikuwa lebo za pakiti zetu za korosho. Tulitengenezewa kwa Publisher, programu ya Microsoft ya kupangia kurasa, na Publisher haipo kwenye Linux. LibreOffice Draw iliifungua, lakini picha ya korosho ikahama na maandishi ya uzito yakapanda juu ya jina la kikundi. Programu za Photoshop na Office ya kusakinisha ni hivyo hivyo, kwenye Linux hazikai kwa njia ya kawaida. WhatsApp haina programu yake rasmi, unatumia kupitia kivinjari. Binti yangu alizichora lebo upya kwa Inkscape, programu ya kuchorea iliyopo kwenye Linux, jioni tatu baada ya masomo, na mwezi wa pili tukaifuta Windows moja kwa moja.

Kitu kimoja nakiogopa bado: mafundi. Ukimpelekea fundi wa hapa Mtwara kompyuta yenye Mint, wengi watakwambia "tupige Windows mama, hii sisi hatuitumii". Kama huna kijana wa kumpigia simu siku ya kwanza, fikiria vizuri. Mint ina Timeshift, ambayo inapiga picha ya mfumo kwa ratiba unayoipanga, au wakati wowote ukiiambia, ili uweze kurudi nyuma ukiharibu. Niliiwasha siku ya kwanza na nakusihi nawe uiwashe.

Kwa hiyo kwa mashine kama yangu, ya 2012 au 2013, RAM ndogo, Windows 11 haiingii, kazi ni kuandika, hesabu, masomo ya watoto na intaneti, mimi nachukua Mint bila kusita. Katibu wetu naye alivutiwa, wiki iliyopita akaja na yake tuibadilishe. Nikaitazama: ni mpya, prosesa ya kizazi cha kumi, RAM GB 8, Windows 11 imekuja nayo kutoka dukani, halali, na ulinzi wake umewaka. Tukaijaribu Mint kwa flashi, ikafanya kazi vizuri. Nikamwambia, "Dada, hii usiiguse, umeshailipia." Tuliwasha ile sehemu ya kuhesabu bando, tukamfundisha kutobofya kishale chochote kwenye flashi inayotoka stationari, akaondoka nayo ilivyo.