Ofisi ya usafiri Mtwara iliyotuuliza kwanza korosho zinalipwa lini

Mimi na mzee wangu tulikuwa hatujawahi kuvuka mpaka wowote, hata huu wa Ruvuma tulio jirani nao. Korosho za shamba letu la Nanyamba zilipotulipa vizuri, tukakubaliana kwamba hela ya msimu utakaofuata, sehemu yake iende kwenye safari ya nje. Tulichoshindwa kukubaliana ni wapi. Yeye tangu nimjue anasema kabla hajafa ataona maporomoko ya Victoria. Mimi nimefundisha historia sekondari miaka 27, na nilitaka Lamu, kule pwani ya Kenya.

Mwezi wa nane tukapanda ngazi kwenda kwenye ofisi moja ndogo hapa Mtwara mjini, ghorofani, njia ya kuelekea soko la Chikongola. Naandika haya kwa ajili ya watu wa huku kusini wanaoamini kwamba mpaka ufike Dar ndiyo upate wa kukupangia safari.

Dada aliyetupokea alitupa shikamoo, akatuvutia viti, akatuacha kila mmoja aseme lake mpaka amalize. Hakututolea picha za hoteli. Alichouliza kwanza ni hiki: "Mwalimu, hela ya korosho inaingia lini?" Nikamwambia minada huanza Oktoba, na kwa chama chetu cha msingi mara nyingi malipo tunayaona benki Novemba. Akachukua karatasi, akaandika miezi yote 12 kwa mstari, Novemba akaizungushia kalamu nyekundu. Chini yake akachora mistari miwili: mmoja wa maji ya mto Zambezi, mwingine wa pepo za pwani.

Ule mstari wa Zambezi ndio uliomaliza ubishi. Maporomoko yale yana upana unaozidi mita 1,700 na kimo cha mita 108, na wenyeji wanayaita Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma. Ila moshi huo ni wa mto uliojaa. Maji huwa mengi kati ya Machi na Mei. Ikifika Oktoba na Novemba, upande wa Zambia sehemu kubwa ya jabali hukauka, na maji yaliyosalia huangukia zaidi upande wa Zimbabwe. Dada akamgeukia mzee kwa upole: "Baba, utakaa kwenye treni ya TAZARA kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ushuke, upande mabasi hadi Livingstone, halafu ukute mwamba mkavu. Roho itakuuma." Mzee hakujibu. Aliivuta ile karatasi akaikazia macho muda mrefu, kidole kikiwa juu ya Aprili.

Mstari wa pili ulikuwa rahisi: Desemba mpaka Machi ni kaskazi, masika bado, Lamu panaendeka.

Nikadhani nimeshinda. Kumbe na mimi dada alikuwa ameniwekea swali langu. "Mwalimu, Kilwa umefika?" Mara nyingi, nikasema, na wanafunzi. "Sasa Lamu unafuata nini ambacho Kilwa hakuna?" Ilibidi nifikiri kabla ya kujibu. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu 1981, na najivunia kwamba ni vyetu, vya mkoa wa Lindi. Lakini miaka yote nimewaonyesha watoto vidaka vya ukutani ambavyo ni mashimo matupu, nikiwaambia hapa waliweka taa, hapa vyombo. Nilitaka kuona nyumba ya mawe ya namna hiyo ambayo mtu bado anapika ndani yake. Dada akayaandika maneno yangu kama nilivyoyasema, na ndiyo aliyoyafuata: akatutafutia nyumba ya wageni ndani kabisa ya mji wa kale, wala si ya ufukweni.

Sasa lawama yangu. Ofisi ilipokea laki mbili za awali kabla haijaona vyeti vyetu. Cheti cha kuzaliwa cha mzee kinasema Saidi, kitambulisho chake cha NIDA kinasema Said. Maombi yake ya pasi yakakwama mpaka alipokula kiapo kwa wakili. Tarehe za Desemba zikapita, na 90,000 za nyumba ya wageni hatukurudishiwa. Ofisi ilitufidia nusu na kuomba radhi, nami nimewasamehe, lakini kwa mtu anayetoka nje mara ya kwanza vyeti vikaguliwe siku ile ile, kabla ya shilingi kutoka. Pasi yenyewe ni 150,000 kwa mtu mmoja. Chanjo ya homa ya manjano walitukumbusha mapema, na vizuri, maana cheti chake huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano.

Tuliondoka katikati ya Januari. Dar, Tanga, Horohoro, kivuko cha Likoni, Mombasa tukalala. Kwenda Lamu walitusisitiza tusafiri mchana, tukafika Mokowe na kuvuka kwa boti. Anayetaka ndege hushukia kisiwa cha Manda.

Lamu magari hayaingii vichochoroni. Punda aliyebeba mawe ya matumbawe alitupita, tukabanana ukutani mpaka akapita. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa dakani kwake, pale kibarazani mlangoni, aliniita, "Ndoo, mwanangu," yaani njoo, akanipeleka ndani. Ukuta mzima wa chumba chake ulikuwa vidaka vya chokaa, safu juu ya safu. Kimoja kilikuwa na msahafu, kingine sahani za buluu, kingine miwani yake na chaja ya simu. Nilisimama pale nikatokwa na machozi, bibi akadhani naumwa. Mzee, ambaye alikuja kwa ajili yangu, siku mbili nzima alikuwa Matondoni kwa mafundi wa majahazi, na jioni alirudi na mengi ya kusimulia kuliko mimi.

Karatasi yenye miezi 12 tuliiomba, ipo ukutani sebuleni. Aprili imezungushiwa kalamu ya buluu, na mzee ameshaweka kando laki tano.